Uzito wa Njiti

Mama alinishika ukosi. "Wewe ndiye unayeyatengeneza hayo majeneza. Usije ukanizikisha sanduku tupu. Nimzike mwanangu, basi." Nikamwapia, kwa mdomo wangu huu huu.

Mimi ni seremala wa kambi. Mdogo wangu tulimwita Njiti: kilo hamsini na mbili, tena akiwa na viatu. Ndiyo maana walimweka mkiani mwa ndege, kwenye bunduki ya nyuma. Wenye miili yao hawakuenea pale. Ndege ikadunguliwa ikiwa na watu watano ndani, ikaungua.

Asubuhi sajini wa stoo aliingia karakana na mfuko mdogo mmoja wa mabaki. Mmoja, jamani, kwa watu watano! Akauweka kwenye jeneza la rubani.

"Na haya manne?"

Akanionyesha lundo la mchanga, masalio ya ujenzi wa choo cha kambi. "Kila moja kilo sabini, fundi. Wabebaji wasije wakayumba mbele ya wakubwa."

"Njiti hakuwa na kilo sabini."

"Jeshi halimpimi mtu mmoja mmoja."

"Basi ugawe huo mfuko. Hata kidogo tu."

"Ndugu yangu, huo hauguswi. Na ukipanua mdomo, hakuna maziko. Familia zote tano zitarudi nyumbani mikono mitupu. Chagua."

Nikachagua. Nilipima mchanga, nikamimina, nikapigilia misumari kwa hasira mpaka nikajigonga kidole. Seremala wa miaka ishirini, kujigonga kidole! Potelea mbali. Nilimchukia sajini, nikajichukia na mimi.

Mchana, makaburini, wanajeshi sita walilibeba jeneza lenye jina la mdogo wangu. Mmoja alijikwaa, likainama, wakalirudisha mabegani huku wakiguna. Mama hakuwa analitazama jeneza. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja jibu lake.

"Yumo?"

"Yumo, mama."

Akawageukia wale wabebaji, jasho likiwatiririka shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu habari zifike, uso wake ukalegea.

"Kumbe alinenepa," akasema. "Angalau walikuwa wanamlisha."

"Ndiyo, mama. Walikuwa wanamlisha."

Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akamwendea sajini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru.