Anayekata Huchagua Mwisho

Mama yao alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane mwenye ulimi mkali na watoto wawili: wa kiume, na wa kike aliyemfuata kwa miaka mitatu. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, na mkate mara nyingi ulikuwa mmoja. Ili asisumbuliwe na ugomvi wao, aliwawekea sheria: mmoja akate, mwingine achague.

"Anayekata huchagua mwisho," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ukikata vibaya, umejikata mwenyewe."

Siku moja mvulana alikuwa na homa. Alikata mkate kwa mkono unaotetemeka, kipande kimoja kikatoka kikubwa mara mbili ya kingine. Ilikuwa zamu ya mdogo wake kuchagua, naye kwa kumhurumia kaka akachukua kile kidogo. Cherehani ikanyamaza. Mama akainuka na rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akampiga binti viganja vyote viwili, kisha akavichukua vipande vyote akavila mwenyewe, polepole, mbele yao.

"Ukipewa kuchagua, chagua kikubwa," alimwambia akitafuna. "Huruma hailiwi."

Msichana alikuwa na miaka saba. Hakulia, maana aliyelia aliongezwa.

Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawa walifunzwa nyumbani, na wakafunzika.

Mvulana akawa kinyozi mwenye kibanda chake na viti viwili, mke, na vyumba viwili vya kupanga. Msichana akawa muuguzi wa wodi ya wanawake. Hakuolewa, na hakupenda kuulizwa kwa nini. Mama naye, sindano baada ya sindano, akajenga nyumba ya vyumba vinne yenye ua wa saruji. Hakuikalia sana. Alipotimiza miaka sabini alipooza upande wa kulia, na ulimi ukafa kabisa. Masikio yalibaki mazima. Macho nayo yalibaki yaleyale.

Mjomba, mdogo wake mama, aliwaita Jumapili asubuhi. Walikaa sebuleni, mama akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shingo imeegemezwa kwa mto.

"Huyu hawezi kuishi peke yake," mjomba alisema, "na nyumba haiwezi kukaa bila mtu. Mna mpango gani?"

Kinyozi alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima, huku akinyoa vichwa vya watu. Mkewe alishasema mgonjwa hakanyagi kwake. Lakini dada yake alikuwa mtu wa kuwageuza na kuwaosha wagonjwa wasiomhusu. Wa kwake mwenyewe angemkimbiaje?

"Tugawane kama alivyotufundisha," alisema. "Mimi nikate, mdogo wangu achague."

"Kata," dada yake akajibu.

"Fungu la kwanza ni nyumba na vyote vilivyomo. Fungu la pili ni Mama."

Mjomba alipaliwa na chai. "Wewe! Mama yako unamweka kwenye mizani kama kilo ya nyama?"

"Mimi sijachagua, Mjomba. Nimekata tu."

Muuguzi aligeuka akamtazama mama yake. Huenda machozi yangebadili mambo. Hata chozi moja. Lakini macho yale yalikuwa makavu, na yalikuwa yakimtazama bila kupepesa, yakingoja kuona mkono utakwenda wapi.

"Nachukua nyumba," alisema.

Kinyozi alicheka. "Acha utani, mdogo wangu."

"Sitanii, Kaka. Fungu lako lile pale kwenye kiti. Lina vidonge vya presha asubuhi na jioni, na usisahau kuligeuza, lisije likaoza mgongo."

Upande mmoja wa mdomo wa mama, ule uliobaki hai, ulipanda juu kidogo. Mpaka leo mjomba anaapa kwamba lilikuwa tabasamu.

Mke wa kinyozi alikubali mkwewe alale pale, lakini si kushinda naye. Kwa hiyo kila asubuhi mama alibebwa hadi kibandani, akawekwa kwenye kona nyuma ya mlango. Wateja walipolalamikia harufu, mwanawe alimfunika kwa shuka la kunyolea hadi shingoni. Nywele za watu zilimwangukia mapajani na hakuna aliyezipangusa. Mwezi wa tatu mgongo ulikuwa umechimbika vidonda viwili, kimoja kikiingia kidole.

"Chagua," mkewe alimwambia. "Yeye au mimi. Na safari hii hakuna wa kukuchagulia."

Kesho yake kinyozi alikodi teksi, akampeleka mama katika hospitali ile ile anayofanyia kazi dada yake, akamkalisha kwenye benchi la mapokezi. "Nakwenda kuchukua kadi, Mama," alisema, akatokea mlango wa chumba cha kufulia.

Muuguzi alipoingia zamu ya mchana alimkuta kitanda cha tisa. Faili lilisema: mwanamke, umri kama miaka sabini, ameachwa, hajulikani.

"Kuna anayemfahamu?" aliuliza muuguzi mkuu.

Mkono wa kushoto wa mama uliinuka, ukashika pindo la gauni jeupe. Muuguzi aliushika mkono ule, akahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, akaurudisha chini ya shuka.

"Simfahamu," alisema.

Kwa siku kumi alimhudumia kuliko wagonjwa wote. Alisafisha vidonda, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamgeuza kila baada ya saa mbili. Wenzake walimsifu wakasema ungedhani ni mama yake mzazi. Siku ya nne, wodi ilipotulia, alimwinamia.

"Nilikuwa na miaka saba, Mama."

Mama alifumba macho. Muuguzi alisubiri yafumbuke. Hayakufumbuka, naye akahamia kitanda cha kumi.

Siku ya kumi na moja ilikuja barua ya kumhamishia mgonjwa kwenye makao ya wazee wasio na ndugu. Fomu ilihitaji sahihi ya muuguzi wa zamu. Akatia.

Wiki mbili baadaye kinyozi alibisha nyumbani kwa dada yake. Alikuwa amekonda.

"Mama yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Fungu lako umelidondosha wapi?"

"Nilimleta kwako."

"Ulimtupa kwenye benchi, ukapita kufulia kama mwizi wa mashuka." Kisha akamwambia alikopelekwa. Kinyozi aliketi kizingitini akalia, na dada yake akamwacha alie mpaka alipochoka mwenyewe. Walikubaliana kwenda Jumamosi.

Makao yalikuwa jengo refu lenye vitanda ishirini vya chuma. Mama alikuwa wa mwisho, karibu na choo. Aliwaona tangu mlangoni. Mhudumu, msichana mchangamfu mwenye daftari, aliwafuata hadi kitandani.

"Karibuni sana! Huyu bibi hatujui hata jina lake. Nyinyi ni nani wake?"

Kinyozi alifungua mdomo. Alifikiria mkewe, vyumba viwili, kona nyuma ya mlango. Akamtazama dada yake.

"Majirani," dada yake alisema.

"Majirani tu," kinyozi akaongeza haraka.

Mama alikuwa akisikia kila neno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, nao haukusogea.

"Afadhali hata nyinyi," mhudumu alisema. "Watoto wake, kama anao, Mungu anawaona."

Waliweka sabuni mbili na kanga mpya miguuni pake, wakaondoka. Njiani kinyozi aliuliza kama wangerudi mwezi ujao. Dada yake alisema ataangalia ratiba yake ya zamu.

Hawakurudi. Mama alifariki majira ya mvua, na makao yakamzika siku iyo hiyo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kupigiwa simu.