Harufu ya Mwaka wa Njaa

Kadzo alikuwa ameshavaa sare ya dobi, amebakisha viatu tu aende hotelini Diani, alipoona ndoo ya maji ya kunywa imekauka tena. Jana aliiacha imejaa. Alijua ni bintiye, Mapenzi, ambaye siku hizi alikunywa maji kama aliyelamba chumvi, kisha akashinda njia ya chooni. Wapangaji wenzao pale Ukunda walikuwa wameshaanza kunung'unika, maana choo ni kimoja na maji ya bomba huja yakipenda.

"Mapenzi! Amka unywe uji, shule inakungoja."

Msichana hakuinuka. Alikuwa amekonda mpaka sketi ya shule akaipiga pini kiunoni, na Kadzo alikuwa akijifariji kwamba mtoto anarefuka tu, umri wenyewe ndio huo. Alimwinamia na kikombe. Hapo ndipo harufu ilipomkuta.

Ilikuwa harufu tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi na kuanza kuchacha, na ilitoka kinywani mwa mtoto. Kadzo aliijua. Mara ya mwisho aliinusa akiwa mdogo, kwao Kinango, mwaka ambao mvua iligoma na ng'ombe wakaanguka malishoni. Mama yake alinukia hivyo. Kile kidogo kilichopatikana aliwagawia watoto, akisema, "Mimi nimeshiba, kuleni nyinyi." Pumzi yake ilizidi kuwa tamu kila kulipokucha, mpaka asubuhi moja hapakuwa na pumzi.

"Onja kidogo tu, mwanangu."

"Nimeshiba," Mapenzi alijibu.

Kikombe kilimponyoka. Kwa desturi ya kwao mtoto hupewa jina la bibi yake, na huyu alipewa la marehemu. Jina lile lile, harufu ile ile, na sasa neno lile lile. Alimpigia simu Fondo, kaka wa mama yake, aliyekuwa mzee wa kijiji kule Kinango miaka nenda miaka rudi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti inatetemeka?"

Alimweleza.

"Hiyo ni koma, Kadzo. Ni roho ya mama yako. Alikwenda na njaa, sasa amerudi kula, na amemkuta wajina wake. Umewahi kumtolea sadaka tangu uhamie huko?"

"Sijawahi, mjomba."

"Basi ndiyo hayo! Tafuta pombe ya mnazi, umwage kidogo mlangoni, umwite kwa jina. Kisha umpulizie mtoto, usoni na kifuani. Atamwachilia."

Tusimcheke Kadzo. Jumapili alikuwa kanisani, na siku nyingine alifua mashuka ya wageni wa kila pembe ya dunia, lakini mtu akisikia pumzi ya mama yake aliyekufa ikitoka kwa mwanawe, ataambiwa nini akatae? Alikimbilia mangweni kwa wanywaji wa asubuhi, akarudi na chupa ya mnazi. Akaumwaga mlangoni. "Mama, nisamehe, nilikusahau," alisema. "Chukua hiki, uniachie mtoto." Akajaza kinywa, akampulizia Mapenzi usoni, kifuani na kwenye nywele. Muda wote alihisi kuna mtu ameketi miguuni pa kitanda, anangoja kushiba, naye hakuthubutu kugeuka.

Mapenzi hakuachiliwa. Jua lilipopanda alikuwa akitapika na kulishika tumbo, na akihema pumzi ndefu, nzito, kama aliyetoka mbio, na huku amelala. Kadzo alimpakia kwenye tuktuk mpaka zahanati ya karibu.

Tabibu wa pale alikuwa kijana wa kutoka bara, jina lake Ivan. Alimwinamia msichana, akanusa, akarudi nyuma.

"Mathe, huyu mtoi amelewa."

"Hajalewa, daktari. Mnazi nimempulizia mimi. Harufu nyingine inatoka ndani, mnuse vizuri."

"Mnazi ni mnazi. Unajua kupea mtoto pombe ni kesi? Mpeleke home alale, akiamka umpee maji na glukosi. Mkirudi na hii stori, naita chifu."

"Basi mpime. Mpime chochote."

"Nimpime na nini? Strip za sukari ziliisha kitambo. Nikiuliza, naambiwa zinakuja." Akachungulia nje ya mlango. "Next!"

Hakuwa na roho mbaya, huyo Ivan. Alikuwa peke yake, amechoka, na foleni ilifika langoni. Kadzo alijikuta nje, mtoto begani, leso yake ikinuka mnazi, na aibu ikamchoma alipotambua kwamba sadaka yake mwenyewe ndiyo iliyowafungia mlango. Arudi nyumbani amlaze, kama alivyoagizwa? Alimtazama Mapenzi akihema. Akampungia dereva wa tuktuk, akamwambia awapeleke Msambweni, hospitali kubwa, na asisimame popote.

Huko muuguzi aitwaye Twaiba aliinusa harufu ile ile na hakuuliza habari za mnazi. Alimdunga mtoto kidole, akatazama kipimo, akaita wenzake kwa sauti. Dripu ikatundikwa, insulini ikaletwa. Alasiri ndipo alipopata nafasi ya kuketi na Kadzo.

"Dada, mtoto ana kisukari. Sukari imejaa kwenye damu lakini haiwezi kuingia mwilini, basi mwili unadhani una njaa. Unayeyusha mafuta yake wenyewe, na ini linayageuza kuwa kitu kinaitwa ketoni. Hizo ndizo zinazonukia. Zikizidi, damu inakuwa kali kama siki. Mngemlaza nyumbani, asingeamka."

"Kwa hiyo ni sumu?"

"La, kwa kiasi chake si sumu. Hata mimi nikifunga Ramadhani, jioni huwa ninazo kidogo. Mungu ametuwekea za kutuvusha. Mtu akikosa chakula siku nyingi, ubongo huishi kwa hizo."

Kadzo aliuliza polepole, "Mtu mwenye njaa ya ukame, naye hunukia hivi?"

"Hunukia."

"Na akili zake zinabaki?"

"Zinabaki, tena muda mrefu. Ndiyo kazi ya ketoni, dada."

Kadzo alijifunika uso kwa leso. Miaka yote alikuwa amejiliwaza kwamba njaa ilianza kumchukua mama akili, kwamba alipokufa hakuwa akijua lolote. Kumbe alijua. Aliposema ameshiba, alikuwa na akili timamu, anawatazama wanawe mmoja mmoja. Kadzo alilia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamshika mkono.

Jua likielekea kutua, Mapenzi alifumbua macho, na pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa pumzi ya mtoto yeyote. Simu ikalia. Alikuwa mjomba Fondo.

"Vipi, mwanangu? Mama yako ameridhika?"

"Mama hakurudi kula, mjomba," Kadzo alisema. "Hakuna koma. Ile ilikuwa njaa. Na mahindi ya msaada wa serikali yalikuwepo, magunia yamejaa stoo ya shule. Watoto tulikuwa tukiyachungulia dirishani. Ufunguo ulikuwa shingoni mwako."

Upande wa pili walisikika mbuzi wakirudi zizini.

"Mkubwa wa serikali alikuwa hajafika kuyazindua, Kadzo," mzee alisema. "Tungefunguaje?"

"Kwa ufunguo, mjomba," alisema, akakata simu.