Juisi ya Balungi na Kikapu Changu

Wanangu wananicheka kwa sababu siendi kwa daktari mikono mitupu. Mtoto akiumwa tumbo, nabeba alichokula. Akitoka vipele, nabeba sabuni aliyoogea. Kitindamimba wangu alipomeza shanga, nilibeba mkufu mzima uliobaki ili daktari aone ukubwa wa zile nyingine. Kikapu chenyewe ni cha plastiki, cha bluu, mshikio mmoja umekatika nikaufunga kamba. Kifunguamimba wangu anakiita ambulansi.

Naandika habari za huyo huyo kifunguamimba. Mwenye mume, mtoto au ndugu anayekunywa vidonge vya kushusha mafuta kwenye damu, naomba asome mpaka mwisho.

Mwanangu ni fundi rangi, na kazi yake hasa ni dari. Ni mnene tangu nilipomzaa, wenzake wanamwita Kibonge na anaitika, ila ngazini anapanda kama paka. Alipopimwa wakamkuta mafuta kwenye damu yako juu, sawasawa na marehemu baba yake.  Baba yake naye alikuwa mtu wa kucheka, na akaanguka mezani kijiko kikiwa mkononi. Daktari akampa mwanangu kidonge cha kunywa kila jioni, akamwambia apunguze na mwili.

Mkwe wangu, mke wa Kibonge, ni msusi. Saluni mnaijua: mtu anaingia kusuka nywele, anatoka na dawa ya kila ugonjwa. Siku moja akaja na mfuko wa mabalungi, uso unang'aa.

"Mama, kile kinachoyafanya yawe machungu ndicho kinachochoma mafuta. Yanayeyuka yenyewe!"

"Nani kasema?"

"Mteja wangu. Dada yake amepungua mpaka pete inamvuka."

"Na kile kidonge?"

"Mama jamani, hili ni tunda tu. Tunda litamfanya nini mtu?"

Nikapokea mfuko, maana kweli, tunda litamfanya nini mtu? Kibonge akaanza kunywa jagi zima la juisi yake asubuhi, na jingine jioni akishushia kidonge. Haukupita muda mkanda ukarudi tundu moja ndani. Akapita nyumba nzima anauonyesha, mpaka kwa jirani. Tukamsifu. Nami nikasifu, tena kwa sauti.

Kisha yakaja maumivu. Kwanza mapaja, halafu mabega. Akawa anashuka ngazini kinyumenyume, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikalaumu rangi. Nikalaumu godoro. Nikailaumu na ile ngazi, nikamwambia ni fupi, inamchosha mikono.

"Mama, dari haijipaki yenyewe," akasema. "Ni uchovu tu."

Jumapili alikuja kwangu kula. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, anachokalia tangu utotoni. Kunyanyuka ikawa kazi. Akashika meza, akacheka, akajaribu tena.

"Kibonge, acha utani."

"Sifanyi utani, Mama. Miguu imegoma."

Nikamvuta kwa mikono yote miwili. Alipotoka msalani hakuwa akicheka tena. Akaninong'oneza, mtu mzima na ndevu zake, "Mama, mkojo umekuwa kama chai isiyo na maziwa."

 Nilichukua kikapu, nikaongozana naye mpaka kwake, nikaanza kukusanya. Pakiti ya vidonge. Kopo la rangi. Chupa ya mafuta ya kupikia. Mafuta aliyokandwa mabega. Nikafungua friji, nikatoa na jagi.

"Mama, hata juisi?" mkwe akauliza.

"Hata juisi."

"Basi nibebe na mimi."

"Wewe una miguu. Tembea."

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Nilipoweka kikapu mezani akatazama, akatabasamu.

"Mama, unahama?"

"Toa kimoja kimoja, Daktari. Humo ndani yumo mchawi wa mwanangu."

Kibonge akafunika uso kwa kiganja. Daktari akatoa kopo la rangi, akauliza kama anapaka madirisha yakiwa wazi, akaliweka pembeni. Mafuta ya kupikia, pembeni. Ya kukandia, pembeni. Akasoma pakiti ya vidonge. Kisha akatoa jagi, akalifungua, akanusa. Tabasamu likaisha.

"Hii anakunywa nani?"

"Mimi," Kibonge akasema. "Jagi asubuhi, jagi jioni."

"Pamoja na hivi vidonge?"

"Nashushia nayo."

Akamwita muuguzi achukue damu na mkojo palepale. Wakati tunasubiri akatueleza, nami naeleza nilivyoelewa. Tumboni mna vitu vinavyokivunjavunja kidonge hiki ili damu ipate kiasi chake tu. Balungi lina kitu kinachowafunga mikono hao wavunjaji. Basi kidonge kinapita karibu kizima, na kila jioni mwanangu alikuwa kama amemeza lundo la vidonge. Vikizidi hivyo vinakula misuli, na mabaki ya misuli yanakwenda kuziba figo. Ile rangi ya chai ilikuwa misuli yake.

"Figo zake zimekufa?" nikauliza.

"Ndicho tunachopima, Mama."

Nilikuwa nimempangia mkwe maneno njia nzima, moja kali kuliko jingine. Nikageuka niyatoe. Nikamkuta amelikumbatia lile jagi, machozi yanadondokea kwenye mfuniko. Nikayameza yote. Nikamwambia, "Lete hapa, utalimwaga."

Figo zilikuwa zimeumia, hazikuwa zimekufa. Wakamlaza, wakamtundikia maji, kidonge kikasimamishwa. Kila alipokwenda haja muuguzi aliangalia rangi, na mimi nikaangalia nyuma yake. Siku rangi ya mkojo iliporudi kuwa ya kawaida nilipiga vigelegele wodini mpaka nikaambiwa nitoke.

Kabla ya kuruhusiwa, Kibonge akauliza, "Lakini Daktari, si nilipungua?"

"Ulikuwa unalala bila kula, tumbo limejaa juisi. Watafiti wanatafuta mimea inayochoma mafuta, na wanachokipata kwa watu ni kidogo. Ila nguvu ya balungi kwenye dawa umeiona mwenyewe."

Akampa kidonge cha aina nyingine, kisichogombana na balungi. Jamani, msiende kutupa vidonge vyenu kwa sababu yangu. Mafuta ya damu yalimchukua baba yake. Ulizeni tu, na mtaje kila mnachokunywa, hata kama ni tunda.

Siku hizi Kibonge anakula mboga, anapungua taratibu, na yuko ngazini. Juzi mkwe alikuja kwangu mbio, ametoka saluni. Nilimwona na kijipakiti cha unga wa kijani mkononi, ametoa macho.

"Mama, wanasema majani haya yanakata mafuta ya tumbo."

Nikashika kiuno, tayari kusema.

"Sijamwonyesha," akaniwahi. "Ambulansi iko wapi?"

Nikamwonyesha msumari nyuma ya mlango. Akaitungua mwenyewe, akatia kijipakiti ndani, tukatoka kwenda kwa daktari.