Vidonge vya Njano, Vidonge Vyeupe

Mbaraka wa Mlola alikuwa na wake wawili, na alijigamba kwamba hawezi kushtakiwa na hata mmoja. Akinunua kanga, ananunua doti mbili. Akichinja kuku, mapaja anayapima kwa jicho mpaka majirani wanacheka.

Mwaka ule walishuka nyika kuvuna mpunga, watoto wakarudi mlimani na homa. Zaina, binti wa Mwanamisi, mke mkubwa, alikuwa na miaka tisa. Shabani wa Fatuma, yule mke mdogo, ndiyo kwanza ameacha ziwa. Pale zahanati dresa Rubeni, tabibu wa pale, akawatoboa vidole, akasema ni malaria, ila haijawa kali. Wakubwa wake walitaka kujua dawa ipi inawafaa zaidi watoto, ya njano au hii mpya nyeupe. Zaina akapewa njano. Shabani akapewa nyeupe, tena vichache.

"Kila mtoto na yake," Rubeni akasema. "Msichanganye."

Hawajafika hata mtoni, Fatuma akaanza. "Mpaka kwenye dawa mimi napewa kidogo."

"Lakini wako kapewa mpya," Mwanamisi akajibu. "Wangu kapewa makombo."

Walivyofika nyumbani Mbaraka amechoka na maneno yao. Akamwaga vidonge vyote kwenye ungo, akavikata kwa kisu, akatenga mafungu mawili sawasawa, kila fungu lina njano na nyeupe. Kila mke akabeba fungu lake. Akajiona kadhi.

Shabani alitapika karibu kila alichomezeshwa, akapona hivyo hivyo. Zaina alicheza siku chache, kisha homa ikamrudia, safari hii hata kusimama hawezi. Mbaraka akambeba mgongoni hadi zahanati, Mwanamisi nyuma.

"Basi njano imeshindwa," Rubeni akasema. "Alimeza zote?"

Mwanamisi akamtazama mumewe. Mbaraka akamsikia Zaina anavyopumua. Aibu yake ikawa haina thamani tena.

"Hakumeza zote. Niligawa nusu kwa nusu. Nyumba zangu mbili."

Rubeni akamshika bega. "Mgosi, gawa nyama. Dawa inafuata uzito wa mtoto. Huyu hakupata ya kumtosha, na yule mdogo kutapika ndiko kulikomwokoa. Tena umenifanya niisingizie njano bure." Akamlaza Zaina, akaanza kumpa dawa mwenyewe, anasimama mpaka ameze. Mbaraka akabaki pale na Mwanamisi, ingawa zamu ilikuwa ya Fatuma.

Kesho yake mchana Fatuma akatokea, Shabani mgongoni, kibuyu cha uji mkononi. Mbaraka akainamisha kichwa, anasubiri kusutwa.

"Zamu yangu nitaidai akishapona," Fatuma akasema, akachuchumaa kando ya mkeka.

Zaina akafungua macho. "Uji una sukari?"

"Unayo. Yote niliyokuwa nayo."

"Na Shabani?"

"Shabani haumwi. Kunywa wewe."

Akanywa. Mbaraka akaangalia kibuyu kikiinuka mpaka uji ukaisha, hakuuliza nani kabakiziwa.