Tafakari za Wifi

Karani wa ofisi ya parokia alikuwa mwepesi wa kila kitu: vidole, miguu na ulimi. Aliweza kuchapa tangazo la ndoa huku akimwelekeza mtu aliyefuata cheti cha ubatizo, na bado akamalizia kichekesho alichokianza asubuhi. Kusoma vitabu tu ndiko kulikomshinda. Hilo alimwachia wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa fasihi aliyestaafu bila kuolewa na ambaye hata kanisani alikuja na riwaya mkobani, imelala ubavu kwa ubavu na rozari.

Mwalimu, ndivyo alivyoitwa na wote, alikuwa na imani yake kuhusu riwaya. Alisema unaanza kwa kumsengenya mhusika, unageuza kurasa mbili tatu, unashtuka kuwa anayesengenywa ni wewe, na hapo ndipo sala yako inapoanza kuwa ya kweli. Kwa miaka mingi aliandika katika daftari moja gumu yale aliyoyaokota kwenye Injili na kwenye riwaya. Siku moja alilipeleka ofisini, akaliweka mbele ya wifi yake na kumwomba amchapie.

"Anza mwanzo uishie mwisho, wifi. Usiruke."

Karani akaitikia, akalitia daftari kwenye droo. Majuma matatu baadaye Mwalimu alianguka bafuni. Kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, pamoja na kauli. Kaka yake, mume wa karani, akamhamishia nyumbani kwake, chumba cha karibu na jiko.

Mwezi huohuo katekista aliyekuwa akiandika tafakari ya kijarida cha Jumapili alisafiri. Jumamosi saa sita karani bado alikuwa na nafasi tupu kwenye ukurasa wa mwisho, na mashine ya kunakili inamsubiri. Akafungua droo, akachapa ukurasa wa kwanza wa daftari. Jina hakuweka, kwa kuwa tafakari hazikuwa na desturi ya kuwekwa jina. Kesho yake, baada ya Misa, watu walimzonga paroko wakitaka kujua nani ameandika maneno yale.

"Ofisini tuko wawili," paroko alisema, akimtazama karani kwa tabasamu, "na mimi siye."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Karani alifungua mdomo aseme kweli, na kilichotoka kikawa, "Ni Mungu tu."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi ukurasa mmoja. Hakusoma mbele hata kidogo. Ukurasa mmoja kwa juma aliweza kujidanganya kuwa ni kuazima, lakini kulisoma daftari lote kungekuwa kukiri kwamba amelichukua. Watu wakaanza kumwita Mama Tafakari. Mjane mmoja alimshika mikono mlangoni mwa kanisa akamwambia kwamba tangu mumewe afe, ni maneno yake tu yaliyomrudisha kwenye sala. Karani alimshukuru, akaenda kujifungia msalani.

Nyumbani alikuwa akiweka sahani ya Mwalimu mezani na kutoka mbio, kana kwamba jikoni kuna kitu kinaungua. Vijarida aliviacha ofisini. Lakini mumewe alikuwa akichukua chake kanisani kama watu wengine, na jioni moja alimfuata mkewe uani akiwa na furaha usoni.

"Nimemsomea dada ile tafakari yako. Mke wangu, amelia. Umemgusa kweli."

Usiku ule karani hakuonja chakula. Alijiambia ataacha, na Jumamosi akachapa tena.

Mwaka ulikuwa umekaribia kutimia, na daftari limebaki kurasa chache, alipofungua ukurasa ulioanza hivi: "Leo nina neno juu ya mke wa kaka yangu." Vidole vilikuwa vimeshachapa sentensi nzima kabla macho hayajaelewa. Akaacha kuchapa, akasoma.

"Miaka kumi na tisa nimemdharau kimya kimya. Nikimwona anacheka na watu, najisemea kuwa ndani hamna kitu. Nimesoma habari za wenye kiburi wangapi, nikawahukumu wote, nisijione miongoni mwao! Kazi hii ya kuchapa ningeweza kumpa mtu mwingine. Nampa yeye ili akifika hapa asome, maana mdomo wangu umeshindwa. Wifi, nisamehe."

Jumapili hiyo kijarida kilitoka na nafasi tupu.

Saa za maungamo alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alijua paroko ataitambua sauti yake. Hata hivyo alipiga magoti na kusema yote. Padri akamwambia maneno yale yana mwenyewe, na mwenyewe yu hai, kwa hiyo malipizi yake ni kuyarudisha. Karani akauliza kama angeweza kuliweka daftari chini ya mto wa mgonjwa, bila kelele.

"Kwa mdomo, mama," padri alisema. "Kwake, na kwa wale uliowaacha waamini kuwa ni yako." Kisha akamwondolea dhambi.

Alimkuta Mwalimu kwenye kiti cha magurudumu, karibu na dirisha. Hotuba aliyoiandaa njia nzima iliyeyuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka daftari kwenye mapaja ya mgonjwa.

"Nimekuibia, wifi. Kila juma. Nimepokea sifa kwa maneno yako na wewe uko hapahapa."

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua, mkono wa kushoto ulilivuta daftari, ukalisukumiza chini ya paja, naye akageuzia uso dirishani. Karani alisubiri. Alitegemea walau machozi, au mkono kichwani. Hakupata chochote, akatoka.

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama mbele na kusema maneno yale ni ya nani. Baada ya Misa yule mjane alimpita bila salamu, akaenda kuinama mbele ya kiti cha Mwalimu, ambaye siku hiyo kaka yake alimleta kanisani. Mume wa karani alisukuma kiti hicho hadi nyumbani bila kugeuka nyuma, na siku nne nzima maneno yake kwa mkewe yalikuwa "ndiyo" na "hapana". Jina la Mama Tafakari lilibaki midomoni mwa watu, ila sasa walilisema wakikonyezana.

Karani aliyapokea yote kama haki yake. Aliendelea kupeleka sahani, na sasa alikaa chumbani mpaka Mwalimu amalize. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ilikuwa mchana mmoja, anaosha vyombo, mikono imejaa povu, ndipo lilipomjia jambo lililomfanya aache bomba likitiririka. Tangu aliposoma ukurasa ule, alikuwa ameomba msamaha kwa padri, kwa wifi, kwa kanisa zima. Lakini wifi naye alikuwa ameomba, kwa maandishi, zaidi ya mwaka sasa, na hakuna aliyemjibu. Hata katika majuto yake, karani alikuwa ameshughulika na nafsi yake tu.

Aliingia chumbani na mikono yake vilevile.

"Wifi, ule ukurasa unaonihusu niliusoma, nikakaa kimya," alisema. "Ulinionea, ni kweli, na nilikuwa najua. Nimekusamehe."

Mdomo uliopinda wa Mwalimu ulihangaika, ukatoa sauti isiyokuwa neno. Machozi yakamtiririka upande ule wa uso ambao haukupooza. Alilivuta daftari kutoka chini ya paja, akalifungua mwanzo kabisa, akaugonga ukurasa kwa kidole.

Karani alijifuta povu kwenye gauni, akavuta kigoda, akaanza kusoma kwa sauti.