Bwana Kesho Ametuma Salamu

Chama cha wachangiaji wa chuo kile kina mtindo wake, na asiyeuzoea atadhani watu wazima wamerukwa na akili. Kila mwaka, yeyote aliyetoa mchango huitwa ukumbini kwa jina la utani alilopachikwa enzi za uanafunzi wake. Daktari bingwa anaitwa Kijiko, jaji mzima anaitwa Bi Mchelewaji, nao wanaitika "Nipo!" kama watoto wa darasa la kwanza. Aliye mgonjwa au safarini huitikiwa na mwenzake: "Ametuma salamu!" Aliyefariki husomwa mara moja tu, watu wakasimama kimya, kisha basi. Hasomwi tena.

Kwenye hiyo "basi" ndipo fundi cherehani wetu alipokwama. Mumewe aliitwa Bwana Kesho, maana kila mkutubi alipomdai kitabu, jibu lilikuwa hilohilo. Alikuwa ameshafariki miaka mingi, na mkewe hakuwaambia wale watu wa chuo. Kila mwaka alishona sare na magauni, akapeleka mchango kwa jina la mumewe, kisha akaenda kukaa viti vya nyuma kulingoja jina lenyewe. Likiitwa tu, anapaza sauti: "Ametuma salamu!" Hapo anarudi nyumbani uso umenawiri. Usimcheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka huu akaja mratibu mpya, mama mchangamfu, na mambo yake. Waliochangia bila kuruka hata mwaka mmoja wangepanda jukwaani kuvishwa beji, kila mtu kwa miguu yake. Mambo ya salamu hakuna. Akampigia fundi simu mwenyewe: "Mwambie mzee asikose! Tumemwekea kiti cha mbele kabisa."

Lo! Fundi akashona mikono ya gauni la mteja nje ndani, akaifumua, akaishona vilevile tena.

"Mama, si useme ukweli tu?" binti yake akamwambia siku ya sherehe, akimfunga zipu.

"Nikisema, watamsoma mara moja wamalizane naye. Unataka baba yako aishe hivyo?"

"Baba alishatutoka, mama."

"Hapa nyumbani, ndiyo. Kule bado."

Binti akamshika mkono wakaenda.

Ukumbini makofi yalikuwa hayakatiki. Mmoja baada ya mwingine walipanda, wakavishwa, wakashuka wakitaniana. Fundi alikaa kando ya kile kiti kitupu.

"Bwana Kesho!" mratibu akaita, akiangaza macho ukumbini. "Bwana Kesho, usituambie kesho tena, mzee wetu!"

Watu wa nyuma wakacheka. Wa safu ya mbele hawakucheka, lakini fundi hakuliona hilo. Alipanda ngazi za jukwaa mwenyewe.

"Amefariki," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo hadi mlangoni. "Zamani. Mimi ndiye ninayeleta mchango. Nimewadanganya, nisameheni. Ila nawaomba, msimfute."

Mratibu wa watu akabaki na beji mkononi, hajui aiweke wapi. Ndipo Kijiko, ambaye ndiye mwenyekiti, akainuka kwa mkongojo wake.

"Shemeji," akasema, "nani kakwambia hatujui? Tulikuja msibani safu hii nzima. Ulikuwa umelala hoi kwa majonzi, humtambui mtu. Mwaka uliofuata ukatuitikia kule nyuma kwamba ametuma salamu. Sasa sisi ni nani tuzikatae salamu za rafiki yetu?" Akamgeukia mratibu. "Wewe mgeni, hukuambiwa. Kosa letu. Mama, hebu ita tena."

Mratibu akafuta macho. "Bwana Kesho!"

Fundi akafungua kinywa, sauti ikagoma. Safu nzima ya mbele ikamwitikia, na mikongojo yao ikigonga sakafu: "Ametuma salamu!"

Alilia mbele ya kadamnasi na wala hakujificha. Kijiko akamngoja amalize, kisha akamwonyesha mratibu ile beji aliyokuwa bado ameishika.

"Na aliyekuwa akizileta salamu hizo hatujawahi kumwita hata siku moja," akasema. "Aibu yetu. Mwite naye."

"Nimwiteje?"

"Mama Salamu."

Mratibu akaita kwa sauti yake yote. Fundi akageuka kumtazama binti yake, akajifuta uso kwa kiganja, akasimama wima.

"Nipo," akasema.