Tangazo Lililokataa Kushika

Herufi za skrini ya Idara ya Maji zilianza kuanguka asubuhi, watu wakiwa bado wanagombania viti vilivyo karibu na feni. Ilitangulia M ya MAJI. Ikaning'inia kwa mguu mmoja, kisha ikadondoka sakafuni kwa mlio wa punje ya mahindi. Nyingine zikafuata. Karani alipofungua dirisha lake, tangazo lote lilikuwa chini na skrini ilikuwa nyeupe pe. Mfagizi akalizoa huku akinung'unika kwamba upande ule alishaumaliza, na kwamba hizo A zilivyokuwa nyingi ni uchokozi mtupu.

Meneja akampigia simu fundi wa kompyuta.

Fundi alikuwa mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi, na kila mtu alimwita Bisibisi. Yeye ndiye aliyeishawishi idara itumie mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote na usiodai leseni. Tangu siku hiyo, chochote kilichoharibika pale, hata feni, lawama zilikuwa zake. Alipoingia ukumbini alimkuta mama yake mdogo mstari wa mbele, beseni tupu mapajani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kututengenezea maji?"

"Skrini."

"Haya, si haba. Anza na hiyo."

Mama mdogo alikuwa dobi. Alimsomesha Bisibisi kwa povu la sabuni, tangu sare ya kwanza hadi cheti cha ufundi. Lakini bomba la mtaa wa juu lilikuwa limekauka, na wateja wake walikuwa wamehama mmoja baada ya mwingine. Alibaki mteja mmoja tu, wa nyumba ya wageni, mwenye mashuka mengi, naye alisema wazi kwamba maji yasipotoka kesho, Alhamisi, atatafuta dobi mwingine. Ndiyo maana mama mdogo alikuwa akija kulitazama tangazo lile kila asubuhi: MAJI YATAFIKA MITAA YOTE ALHAMISI.

Bisibisi alifungua kompyuta, akachomoa kadi ya picha, akaipuliza vumbi, akairudisha mpaka ikasema ka! Herufi zikapanda, zikatulia kidogo, zikaanguka. Akashuku draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Aliweka ya zamani, zikaanguka. Akaweka mpya, zikaanguka kwa rangi nzuri zaidi. Alibadilisha fonti, yaani mtindo wa herufi. Zile nyembamba zilishuka taratibu, na zile nene zilimwangukia karani kwenye kidole cha mguu. Kumbukumbu za mfumo zilisema kadi ni nzima, fonti zote zipo, na hakuna kosa lolote.

Akawaandikia wale wa kujitolea kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Mtu wa nchi ya mbali, ambaye hakuwahi kuonana naye, alimjibu kabla chai yake haijapoa: "Hata kwetu hutokea. Si hitilafu. Badilisha sentensi." Kisha akalifunga swali.

Bisibisi akaanza kujaribu. "Leo ni Jumatano" ikashika. "Usiteme mate" ikashika. "Ofisi hufunguliwa saa mbili" ilibaki imeshika isipokuwa mwishoni, na haikutulia mpaka alipoandika saa nne kasoro. "Tunawajali wateja wetu" ilianguka kwa kishindo, ikabidi mfagizi alete ndoo aiweke chini ya skrini.

Hapo alielewa: uongo ulikuwa haushiki. Alimtazama mama mdogo na beseni lake, akafikiria mkataba wake mwenyewe na idara, kisha, kabla hajajishauri, akaandika upesi kile kilichokuwa kikinong'onwa mtaani: "Maji ya mtaa wa juu yanaenda kiwanda cha matofali cha shemeji yake meneja."

Herufi zilishika. Hazikutikisika hata feni ilipozielekea.

Bisibisi alitaka kulia kwa hasira, na alitamani ukumbi mzima uinuke. Ukumbi ulisoma. Mzee mmoja akanyoosha mkono kutoka mstari wa nyuma.

"Binti, ikuze kidogo. Huku hatuoni."

Akaikuza.

"Hapo sawa," mzee akasema, akarudi kusinzia. Karani akaendelea kugonga mihuri.

Meneja alitoka ofisini kwake, akasimama mbele ya skrini, akaisoma kichwa kikiwa upande. Bisibisi alianza kukusanya vifaa vyake.

"Haianguki?" meneja akauliza.

"Haianguki, bosi."

"Umeme ukikatika na kurudi?"

"Itakuwepo."

"Safi sana. Ila fonti hiyo kavu mno. Shemeji ni mtu wa heshima zake. Mtafutie yenye mikia."

Akamtafutia yenye mikia. Ilipendeza, na watu wawili watatu walisema hivyo.

Mama mdogo alikuwa bado anasoma, kidole kikifuata maneno hewani.

"Kwa hiyo kesho hayaji."

"Hayaji, mama mdogo."

"Na hapo kiwandani, si nasikia wanauza maji kwa ndoo?"

"Wanauza. Lakini yatameza chote anachokulipa huyo wa mashuka."

"Najua. Yatabaki mashuka yenyewe." Aliinuka, akaliweka beseni kichwani. "Nikimkosa na yeye, nitaamka asubuhi nifanye nini? Wanafungua saa ngapi?"

Meneja alisikia swali hilo akiwa mlangoni, akasema ni swali zuri, kila siku watu wanamsumbua kwa hilo hilo, kwa nini lisiwekwe juu pale. Bisibisi akaketi tena. Chini ya mstari wa kwanza, kwa fonti ile ile yenye mikia, akaandika: "Kiwanda hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na ndoo yako."

Ilishika mara ya kwanza.